Kiganja Shavuni

Siku ya kuupigia kura mkataba mpya, mashine zilizimwa mchana kweupe, na watu wa ukumbi wa kufuma wakajikuta hawajui waongeeje. Mtu aliyezoea kufuma mablanketi katikati ya makelele yale hatumii mdomo kusema. Mdomo ni wa kutafunia. Anayetaka maji anajigonga koo kwa vidole viwili. Uzi ukikatika, anakata hewa kwa ukingo wa kiganja. Msimamizi akija, unajishika ukosi, maana ni yeye pekee anayevaa tai. Na wakati wa mapumziko ukifika, mmoja anaweka kiganja shavuni kama mtoto aliyelala, mwingine anamwona naye anaweka, hadi habari inafika mashine ya mwisho kabla hata kengele haijapigwa.

Mwanamke waliyemwita Fundo aliijua lugha hiyo kama anavyoijua njia ya kwao. Jina hilo alilipata kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumshinda kuunga uzi uliokatika. Aliyemfundisha ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mfumaji mkongwe ambaye kiwanda kizima kilimwita Radi. Huyo akikwambia habari za asubuhi, kunguru wanaruka paani. Wengine walidhani ni ukali. Wengine walisema ni majivuno, kwa sababu ukimsalimia ukiwa nyuma yake haitikii. Wafumaji wakongwe walihisi masikio yake yamepungua, lakini Fundo peke yake ndiye aliyeujua ukweli wote: Radi hasikii. Si kwamba alisikia kwa shida, hapana. Hata mlango ukibamizwa hageuki. Mashine zilimla masikio kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na yeye akanyamaza, akaona aibu kana kwamba aliyeiba ni yeye.

Basi Fundo akawa masikio yake. Mlinzi akimwita getini, Fundo alimgusa kiwiko. Msimamizi akigomba, Fundo alijibanza nyuma ya msimamizi na kuyatafsiri matusi kwa mikono, akiyapunguza makali njiani. Katika mikutano alikaa upande, mahali ambapo Radi angemwona bila kugeuza shingo, na watu wakasema shemeji hawa wanapendana kwa heshima.

Walipendana kweli, na palikuwa na sababu. Mumewe Fundo alipofariki, akimwacha na binti ambaye hata meno hajaota, ndugu walikaa kikao, wakala, wakashiba, wakaaga. Radi hakuaga. Alimshika mkono shemeji yake akampeleka kiwandani, akasimama naye kwenye mashine mpaka vidole vyake vikaacha kutetemeka. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Binti alipojifunza kumwita baba mkubwa, masikio ya Radi yalikuwa bado mazima, na alikuwa akimwambia mtoto alirudie neno hilo, alirudie tena, mpaka mtoto anachoka na kulia.

Sasa binti huyo alikuwa mtu mzima na kibarua wa humohumo kiwandani, upande wa kufungasha, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuisukuma aproni. Kibarua hana mkataba. Ana leo, na kesho ni ya Mungu na msimamizi. Mwenzake mmoja alikwenda kujifungua, akarudi na mtoto mgongoni, akakuta nafasi yake ina mtu na mlinzi hamjui. Binti alimsimulia mama yake habari hiyo huku akiosha vyombo, mgongo umemgeukia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangu siku hiyo Fundo alikuwa akilala jicho moja wazi.

Kantini ilijaa hadi madirishani. Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kijana mwenye sauti ya mtu anayesoma hukumu, alisoma kifungu kimoja kimoja. Alipofika kwenye vibarua akasoma polepole: wote waliopo wataajiriwa rasmi, na mwanamke akijifungua, nafasi yake itamngoja. Vibarua hawakuwa na kura, walikuwa wamepangwa ukutani nyuma kama mafagio, lakini walishangilia kuliko wenye kura. Fundo alimtafsiria Radi kifungu hicho kwa mikono, kisha akamtafuta binti yake kwa macho, akamwona amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

Kisha katibu akakohoa na kusoma kifungu cha tisa. Wafumaji wote watapimwa usikivu, na atakayebainika usikivu wake umeathirika atapumzishwa kwa mujibu wa taratibu.

Mfumaji mmoja mwenye mvi, mzee wa mashine ya mwisho, akasimama. "Nieleweshwe hapo. Atapumzishwa maana yake nini?"

"Maana yake atapumzika," mwenyekiti wa tawi alijibu.

"Atapumzika wapi?"

"Ndugu yangu, mtu anapumzika anapopenda."

"Yaani anafukuzwa!" mwingine alidakia. "Masikio yangu wameyala wao. Leo nifukuzwe kwa sababu sahani imebaki tupu?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika haraka. Mwenyekiti alijifuta uso kwa leso. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Miezi mingi alikuwa ameketi mbele ya watu wenye viyoyozi, akitoka jasho peke yake. "Jamani, tumebishana mpaka tumekauka," alisema. "Mwajiri amesema mkataba ni mmoja. Ukiumeza, umeze na mfupa wake. Ukiukataa, tunarudi tulipokuwa, na vibarua wanarudi walipokuwa."

Wafumaji wakongwe walianza kunung'unika. Walikuwa wengi wa kutosha kuuangusha mkataba wakitaka, na kila mmoja wao alikuwa na sikio lenye mashaka. Hawakumtazama mwenyekiti. Walimtazama Radi, maana miaka yote aliposimama walisimama, na alipokaa walikaa.

Radi alikuwa ameketi karibu na dirisha, anaona midomo inakwenda mbio na nyuso zimevimba, haelewi hata moja. Akamgeukia Fundo, akakizungusha kidole hewani: kuna nini?

Kumwambia kulihitaji mambo matatu tu. Uguse sikio. Umnyooshee kidole. Ukate hewa kwa ukingo wa kiganja, kama uzi unapokatika. Fundo aliyajua yote matatu, na alijua pia kitakachofuata: Radi angesimama, angenguruma mara moja, na mkataba ungekufa palepale.

Akamtazama binti yake ukutani. Binti alikuwa ameshika kiuno kwa nyuma, kama wafanyavyo wanawake wanapoanza kuelemewa, na alikuwa akimtabasamia mama yake.

Mkono wa Fundo ulipanda ukafika usawa wa sikio. Hapo ukasita. Halafu ukateremka kidogo, na kiganja kikakaa shavuni.

Radi alikunja uso. Mapumziko? aliuliza kwa mikono. Fundo aliitikia kwa kichwa. Radi akatanua viganja, kimoja huku kimoja kule: yanaongezwa? Fundo akaitikia tena. Alijisemea kwamba hajadanganya, kwamba neno lililosomwa ndilo hilo hilo, kupumzika, na mwenyekiti mwenyewe amelikubali. Mtu akitaka kujidanganya hakosi shahidi. Asitetewe Fundo, lakini pia asihukumiwe na mtu ambaye siku hiyo hakuwa na mtoto ukutani.

"Wanaokubali, mikono juu!" mwenyekiti aliita.

Fundo alinyanyua wa kwake, na Radi, kwa kuuona, akanyanyua wake, mrefu, mkavu, juu kuliko yote. "Tupumzike!" alinguruma. "Tumechoka! Tupumzike!"

Wafumaji wakongwe walitazamana. Hawakuwa wajinga, walijua kwamba kama kuna mtu mmoja atakayeshindwa kipimo hicho, ni huyu. Na ndiye huyo amenyanyua. Wakadhani wamemwelewa. Wakadhani baba mkubwa wa yule binti wa kufungasha amepiga moyo konde, amejitoa yeye ili vibarua wapate, na wao wakaona haya kukaa na mikono mapajani. Mzee wa mashine ya mwisho alinyanyua wake akiwa ameuma midomo. Kisha yule wa sahani tupu. Kisha safu nzima.

Mkataba ukapita. Mwenyekiti hakuhitaji hata kuhesabu waliokataa.

Nje, watu walimzunguka Radi. Wanaume walimpa mkono kwa mikono miwili. Wanawake wa kufungasha walimbusu mabega. Mzee wa mashine ya mwisho alimkumbatia akaanza kulia kama mtoto, kifua kinaruka, na Radi akampigapiga mgongo huku akimwangalia Fundo kwa mshangao, kana kwamba anamuuliza huyu naye kapatwa na nini. Fundo aliangalia chini. Binti alikuwa bado ndani, vibarua wanaandikisha majina.

Wakaondoka wawili. Radi alikuwa na furaha ambayo Fundo hakuiona kwake kwa muda mrefu. Alitembea akihesabia vidoleni mambo atakayoyafanya na mapumziko marefu: atanyoosha mgongo kwenye magunia ya pamba, atakwenda upande wa kufungasha kunywa chai na mtoto, maana siku hizi wanapishana kama mchana na usiku. "Na akishajifungua," alisema, akiutangazia mtaa mzima, "atanikabidhi mimi mjukuu wangu nimbembeleze, yeye ale!"

Walipofika kwenye kibaraza cha mafundi cherehani, akasimama. "Lakini shemeji, watu wamekuwaje leo? Mtu mzima analia kwa ajili ya mapumziko ya chai?"

Mafundi cherehani waliinua vichwa. Fundo angeweza kusema atamweleza kesho. Lakini tangazo lingebandikwa getini, na kusoma Radi anajua, na kuisoma habari ile peke yake, mbele ya mlinzi, kungekuwa ni kumuua mara ya pili. Akasimama mbele yake. Akagusa sikio. Akamnyooshea kidole kifuani. Akakata hewa.

Radi akacheka. "Nani kakatwa?"

Fundo akarudia, polepole, na safari hii kidole chake kilimgusa kabisa kwenye kifungo cha shati.

Kicheko kilimpotea Radi usoni. "Kifungu ndicho hicho? Kilichowavimbisha nyuso kule kantini?"

Akaitikia.

"Na pale uliponiwekea mkono shavuni, ulikuwa unakijua?"

Akaitikia tena. Hakulia. Aliona hana haki ya kulia mbele yake.

Cherehani zilikuwa zimesimama. Alitazama upande wa kiwanda, kisha akamtazama Fundo, na hakumuuliza kwa nini, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Alilibeba mwenyewe begani tangu halijaota meno.

"Ungeniomba," alisema. Kwa mara ya kwanza alisema kama watu wanavyosema, na Fundo ilibidi asogee ili amsikie. "Ungeniomba, shemeji, ningenyanyua yote miwili. Kwa ajili ya nani mwingine ningenyanyua? Ningempa kwa mkono wangu, nikijua ninachompa. Sasa umenichukulia mfukoni. Mimi nimebaki na nini cha kumpa mtoto?"



Na hapo binti akawafikia, anahema, khanga imemteleza begani, karatasi ya kuandikishwa ameishika kama tiketi ya safari. Hakujali watu. Alimkamata baba yake mkubwa mikono yote miwili na kumsogezea uso, kwa kuwa tangu utotoni alizoea kusema naye hivyo bila kujiuliza kwa nini.

"Asante, baba mkubwa! Wote wamesema ni wewe. Wote! Asante sana, baba yangu."

Radi aliisoma midomo yake hadi mwisho. Akamrekebishia khanga begani.

"Usinishukuru mimi," alimwambia. "Mshukuru mama yako."

Binti akacheka, akadhani ni unyenyekevu wa wazee, akamrukia mama yake shingoni. Fundo alimpokea. Nyuma ya mgongo wa mtoto alitoa mkono mmoja, vidole vikaanza kumwambia shemeji yake kwamba amekosa, kwamba amsamehe. Radi aliuona mkono ukianza. Akafumba macho, akabaki amesimama palepale njiani, watu wakimpita, mpaka vidole vilipochoka.