Kunguru Hanyonyeshi

Tangu asubuhi harufu ya nyama ya ng'amba ilikuwa imetanda uani kwa Bimkubwa, na Kidawa aliisikia hata alipoinamia kinu akitwanga kisamvu. Alitwanga kwa nguvu kuliko kisamvu kilivyotaka. Mwanawe Hemedi alilala mgongoni mwake ndani ya mbeleko, mwepesi kama kifuu.

Ilikuwa miaka ya Mdachi, boma lake likiwa bado Chole. Gamba la ng'amba lilikuwa na wanunuzi huko, kwa hiyo aliyemkamata alifurahi mara mbili: gamba la wafanyabiashara, nyama ya jamaa. Lakini pale kisiwani Juani kila mtu alijua kuwa ng'amba, japo wanafanana, si kasa. Kasa huliwa bila wasiwasi. Ng'amba mmoja hushibisha mtaa, mwingine huua. Ndiyo maana akishapasuliwa, kipande cha ini hutupiwa kunguru kwanza. Kunguru akila akaruka zake, chungu hutiwa moto.

"Kunguru kala, kaenda zake," alisema Bimkubwa, mama mkwe wake, huku akikoroga. "Nimemwangalia mpaka katua kwenye mnazi wa Kombo, anapiga kelele kama mwenye shamba. Sasa wewe unaogopa nini?"

"Naogopa tu, mama."

"Utaogopa mpaka mjukuu wangu aishe. Maziwa ya majani ni maji, mwanangu. Mtazame kichwa kilivyokuwa kikubwa. Ijumaa ikipita hajanenepa, nampeleka Baleni kwa dada yangu, akanyonyeshwe na mtu anayekula chakula."

Kidawa akashika mchi asitwange. Bimkubwa hakuwa mtu wa kutishia bure.

Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa limelala mchangani nyuma ya nyumba yake. Matano, mtoto wake wa kwanza, alikuwa ananyonya bado pale Kidawa alipokula ng'amba harusini. Siku ile pia kunguru alikula akaruka. Kidawa aliwashwa midomo kidogo, ikapita. Matano alinyonya, akalegea, akawa haamshiki, na kesho yake wakamzika. Watu wakasema kijicho. Kidawa alikitafuta hicho kijicho katika kila uso aliokutana nao, asikione; alichokiona ni titi lake mwenyewe. Kunguru hanyonyeshi. Alilisema neno hilo mara moja kisimani, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye hakulirudia.

Tangu hapo kitu cha baharini hakikupita kooni mwake. Changu hana kosa, wala dagaa. Alijua hivyo, na yeye mwenyewe alikua akiwala. Lakini mkono ulikataa kufika mdomoni. Akawa anakula kunde na choroko, kisamvu kwa tui, mbegu za maboga alizokaanga akazisaga. Na Bimkubwa, aliyeamini kuwa maziwa ya mzazi hutoka kwenye supu ya pweza, akawa anampima mtoto kwa macho kila alfajiri.

Wifi yake Mwanamkuu aliingia na bakuli, binti yake Zuleikha akiwa kiunoni. Zuleikha na Hemedi walizaliwa mwezi mmoja, na Bimkubwa alikwisha tamka mbele ya jamaa kwamba hao wataoana, minazi isitoke ukooni.

"Wifi mbuzi, hujambo?" alisema Mwanamkuu. "Umeshamaliza majani ya Juani, au unatuachia ya kuezekea?"

"Sijambo. Njoo ule kunde zangu leo, wifi. Leo tu."

"Nikale kunde na mama kapika nyama?"

"Unanyonyesha."

Mwanamkuu akamtazama, na kicheko kikampungua. Alijua habari ya Matano; yeye ndiye aliyemkanda Kidawa mgongo siku zile. Kisha akatazama chungu, na mama yake, na watu waliokuwa wanakaa jamvini. "Mungu atatulinda," alisema taratibu, akanyoosha bakuli.

Baada ya adhuhuri mtu mmoja akaanza kutapika nyuma ya choo. Akafuata mwingine. Mwanamkuu alikuwa ameketi na ukili wake, asiweze kusuka. Vidole vilikuwa vinamtetemeka.

"Ulimi unaniwaka," alisema. "Kama nimetafuna pilipili."

Zuleikha alikuwa analia, anapapasa kifua cha mama yake. Mwanamkuu akaanza kufungua kanga. Kidawa akavuka ua na kumnyakua mtoto.

"Unafanya nini wewe?" alisema Bimkubwa, mwenyewe ameshika tumbo.

"Asinyonye hapo."

"Atanyonya wapi?"

Kidawa akaketi chini, akamtoa Hemedi mgongoni, akamlaza pajani, akampa Zuleikha titi.

"Kidawa. Hao ni mtu na mchumba wake. Akizoea kushiba kwako, ni ndugu wa ziwa moja. Hawaoani mpaka kiyama. Nimeshatamka mbele ya watu."

"Najua, mama. Matano alinyonya hivi hivi."

Kwa mara ya kwanza Bimkubwa alimtazama mkwewe kama mtu anayesoma kitu, kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa ukutani na mate yanamtoka.

"Mpe," alisema. "Mpe, ashibe."

Wengi walipona. Bimkubwa alipona, ila mdomo ulimbabuka na sauti ikamkauka. Mwanamkuu alilala tu, kama alivyolala Matano, na siku ya tatu hakuamka. Zuleikha alikwisha nyonya kwa Kidawa mara ambazo hakuna aliyehesabu.

Matanga yalipokwisha, Bimkubwa alikuja nyumbani kwa Kidawa na ungo wa kunde. Aliketi kizingitini, akawa anachambua, anatoa vijiwe kimoja kimoja na kuvitupa mchangani, upande ule yaliko makaburi. Ijumaa ilikuwa imepita. Habari ya Baleni hakuitaja.

Ndani, watoto wawili walikuwa wanalia kwa zamu. Kidawa alikuwa amechoka mpaka mifupa, na maziwa yalikuwa hayatoshi; alilijua hilo, na aliogopa.

"Nikukunie nazi?" aliuliza Bimkubwa kwa sauti ile iliyokwaruza.

"Ndiyo, mama."

"Tui jepesi?"

"Zito," alisema Kidawa. "Wako wawili."

Bimkubwa akainuka, akaenda kuchukua mbuzi ya kukunia.