Fahali Mlangoni mwa Ngome

Nilimwona baba akichungulia kwenye tundu la kupigia bunduki ukutani mwa ngome, uso umemwiva, kofia yake ikisagwa nje chini ya kwato za Samsoni.

Ngome ile ndogo ya zege bado ipo pembeni mwa malisho yetu hapa Suffolk, Uingereza, miiba imeifunika nusu. Ilijengwa wakati wa vita ili Wajerumani wakija wapokewe kwa risasi. Hawakuja. Aliyekuja, miaka mingi baadaye, ni fahali wetu. Siku hiyo baba alikuwa akimwonyesha Leonard, mtoto wa kaka yake, mipaka ya shamba ambalo alikwisha kuamua kumwachia, fahali alipowakimbiza hadi humo. Mimi, mwanawe wa pekee, niliyekamua ng'ombe wale tangu mama afariki, niliambiwa nitafute mume.

"Enid!" baba alipiga kelele. "Usiingie! Kimbia kaite wanaume!"

"Wanaume si ndio mmo humo ndani?"

Ikaja sauti ya Leonard, nyembamba kama uzi: "Dada, tafadhali. Mzee anavuja damu."

Pembe ilikuwa imemchana paja. Mzaha ukaniisha. Kijiji kilikuwa mbali. Nikaenda bandani, nikachukua ndoo ya shayiri na ule ufito wenye ndoana wa kuongozea fahali, nikafungua lango.

Samsoni akanigeukia. Nilimlea kwa chupa ya maziwa alipokuwa ndama, lakini fahali hana kumbukumbu ya fadhila. Aliinamisha kichwa, akaparua udongo. Nikazidi kwenda. Nilimsemesha kama nilivyomsemesha kila alfajiri, maneno yasiyo na kichwa wala miguu, polepole, bila kumkazia macho. Nikaitikisa ndoo. Pumzi yake ya moto ikanilowesha kifua. Alipotumbukiza mdomo kwenye shayiri, nikainasa pete ya puani mwake kwa ndoana.

"Haya, bwana mkubwa. Twende nyumbani."

Akanifuata.

Tuliyavuka malisho yote, mlima ule wa hasira ukitembea nyuma ya mkono wangu. Mbele yetu ng'ombe walitupisha. Nimeolewa baadaye, nimetembea kanisani kwa gauni jeupe na kinanda kikilia, lakini sijawahi tena kutembea vile.

Leonard aliondoka kwa gari-moshi la jioni. Alisema udongo wetu haupatani na kifua chake. Baba alishonwa, akalala. Alikuwa mtu wa kutoa amri, na shukrani zilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Alfajiri nilisikia fimbo ikigonga sakafu ya banda la kukamulia. Alikuja akichechemea, akapita mahali alipozoea kusimama na kuamrisha, akavuta kigoda, akakaa kando yangu. Ng'ombe walikuwa wakicheua gizani. Akakunja mikono ya shati.

"Tuanze na yupi?" aliniuliza.