Mkwe Ambaye Hakujua Kuomba

Niliota usiku wa jana, na ninaiandika sasa hivi kabla shemeji yangu Misore hajaanza kunisaidia kuikumbuka.

Kwanza mjue habari. Mwanangu Okech alioa Ayalandi, akamleta mkewe Nora ajifungulie hapa kwetu Rorya. Mtoto wa kike. Kwetu mtoto wa kike hutolewa nje siku ya tatu, na jina lake hutoka ndotoni: marehemu humjia mmoja wetu, akaomba kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mtoto abebe jina lake. Asipoomba, hapewi mtoto; ndoto ikikosekana kabisa, wazee wa ukoo huchagua jina. Na anayetunga ndoto ya uongo anamwitia mtoto maradhi. Hilo hata mimi na mizaha yangu yote silichezei.

Nora alitaka mtoto apewe jina la marehemu mama yake. Linaandikwa Sadhbh, linasomwa Saiv. Misore aliigeuza ile karatasi juu chini, akasema mtoto huyu atamaliza shule bila mwalimu hata mmoja kumwita. Akaamua: isipopatikana ndoto hadi asubuhi, mtoto ni Apondi. Apondi ni marehemu mama mkwe wangu. Alinitawala miaka kumi na tisa. Nora hakubishana, alizidi kunyonyesha tu, machozi yakimdondokea mtoto kichwani. Nikaenda kulala mapema, kama mtu anayekwenda kazini.

Sasa niko kwenye foleni ya marehemu. Imeanzia jikoni kwangu, imevuka mto. Kila mmoja ameshika jina lake mkononi kama mgonjwa aliyeshika kadi. Wa kwanza ni Apondi. Hakupanga foleni, alifika tu mbele.

"Binti wa Kowak," ananiambia, akiniita kwa kijiji nilikozaliwa, "ugali wako bado una madonge. Nipe mtoto."

Nikamwomba asubiri kidogo, namtafuta mgeni mmoja. Akauliza ni mgeni gani anayepewa mtoto kabla ya mwenye nyumba. Sikuwahi kumjibu akiwa hai, sikuona sababu ya kuanza sasa.

Birika langu likaniambia nisihangaike, mgeni hayumo kwenye foleni. Watu wa kwao wakifa wanatulia, hakuna aliyewafundisha kuomba. Nikauliza nitampataje. Birika likasema nikamwite. Nikilipata jina atageuka, nikilikosea atasogea mbali hatua moja.

Nikafungua kabati la vyombo nikatokea Ayalandi.

Mvua inanyesha, lakini bila nia. Kwenye kilima kuna mwanamke mfupi mwenye koti, amenipa mgongo, anachunga kondoo. Naita. Ulimi wangu unaleta Saibu. Anasogea. Naleta Safi, anasogea. Kondoo wanacheka kwa adabu, wamefunika midomo. Baada ya mara arobaini yule mama amekuwa mdogo kama punje ya mtama.

Kondoo mmoja mzee akanishauri nirudi nyumbani, maana Apondi nalo ni jina zuri, hata yeye analiweza. Akalitamka. Alilitamka vizuri mno.

Nikavua kandambili nikakaa kwenye majani mabichi. Nikamwambia nimezaa watoto tisa na nimelima mtama juu ya mawe, sikuja huku kushindwa na kitu cha kusema kwa mdomo. Akasema haya, ila nisiwakanyagie majani.

Hapo nikaliona kosa langu. Nilikuwa naita kama mwalimu wa zamu. Nora alipolisema kwa mtoto alilisema chini chini, kama mtu anayemfunika shuka aliyelala. Nikalisema hivyo.

Mwanamke akageuka, na hapohapo tumekaa jikoni kwake, miguu yetu karibu na moto. Apondi naye yupo, amekalia kiti kizuri. Sikumwalika.

Nikamweleza mkwe wangu, huyo mama yake Nora, desturi yetu, kwamba aombe. Akainamisha kichwa. Akasema hapendi kusumbua watu. Maisha yake yote walimkosea jina, kliniki hadi kanisani, na sasa amtwike mtoto mchanga mzigo uleule?

"Watalikosea, mkwe," nikamwambia. "Misore atalikosea mpaka tumzike. Mimi nitamsahihisha kila siku, na nikichoka nitapumzika kisha nitamsahihisha tena. Lakini sitamdanganyia mtoto ndoto. Omba."

Akaitazama chai yake. Moto ukanong'ona kwamba chai inapoa.

Apondi ndiye aliyesema.

"Mwenzangu, huyu mwanamke ni mbishi. Miaka kumi na tisa sikumweza. Wewe omba tu, tukapumzike."

Mkwe wangu akanyoosha koti lake magotini, akaweka mikono yake juu yake.

"Naomba," akasema. "Mjukuu wangu abebe jina langu."

"Anayefuata ni wangu," akasema Apondi.

Nikaamka. Kumekucha, na Misore yuko uani anakohoa kikohozi cha mtu aliyeshinda. Anauliza kama kuna ndoto. Nikamjibu ipo, avute kiti akae vizuri, maana jina lenyewe tutajifunza polepole.

Nikaingia kwa Nora, nikamwinamia mtoto, nikamwita chini chini. Alikuwa analia; akanyamaza, akanitazama.

Nora hakumtazama mtoto. Alishika ncha ya kanga yangu, akaipeleka puani. Nami ndipo nikausikia: moshi, lakini si wa kuni, si wa mkaa, wala si wa mavi ya ng'ombe. Nikamwambia sijui nimeutoa wapi.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, hajaiachia kanga, "kijijini kwetu hakuna kuni. Kuna udongo wa bwawani, ukikauka unawaka kama kuni. Mama yangu alichoma udongo."