Chupa Namba Kumi na Nane

Mama Sindano alikuwa amestaafu miaka mitano, lakini jina lake lilikataa kustaafu. Sokoni na kanisani, hata kwenye foleni ya benki, watu waliwatishia watoto wao kwa kumwonyesha yeye. Alikuwa akicheka tu. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa fundi wa maabara ya vinasaba, na kazi yake ilikuwa kutoa damu ya familia nzima, kuanzia bibi mpaka kitukuu, ili watafiti wajue ugonjwa umejificha wapi ndani ya ukoo. Katika miaka yote hiyo aliamini kwamba alichanganya chupa mara moja tu, na mara hiyo moja ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo binti wa maabara, yule aliyemfundisha mwenyewe kushika bomba la sindano, alipopiga simu, Mama Sindano ilibidi akae chini kwenye ngazi.

"Mama, ile familia ya macho tunairudia. Lakini wamegoma. Wanasema hawachomwi na mtu mwingine ila wewe."

Familia ya macho! Miaka ishirini na sita! Katika ukoo ule watoto walizaliwa wakiona vizuri kabisa. Wakifika thelathini na kitu giza lilianza kuwaingia kwa pembeni, taratibu, mpaka mtu anabaki anapapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Na si wote. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja alipofuka, mwingine akaona mpaka uzeeni. Hapo ndipo Profesa, mkuu wa utafiti ule, alipokuwa akipapenda. "Ukitaka kumjua mwizi," alisema, "usiangalie nyumba iliyoibiwa peke yake. Angalia na ya jirani ambayo hakuigusa."

Siku zile zilikuwa tamu, asikwambie mtu. Kila Jumamosi, maabara ikifungwa, Mama Sindano alikwenda nyumbani kwa Profesa, wakatandaza karatasi kubwa juu ya meza ya chakula na kuchora ukoo: miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, na waliopofuka wakatiwa wino mweusi. Mke wa Profesa aliwaletea chai huku akilalamikia kitambaa chake cha meza, kisha yeye mwenyewe akavuta kiti na kuuliza, "Huyu naye kaoa wapi?" Walicheka mpaka jioni. Mama Sindano hakuwa na baba tangu utotoni, na katika nyumba ile hakuhisi pengo hilo hata kidogo.

Kisha majibu yakatoka. Chupa namba kumi na saba ilikuwa ya kaka mtu, aliyeanza kupofuka. Namba kumi na nane ilikuwa ya mdogo wake, mzima wa macho, mwenye bucha. Mashine ikasema damu hizo mbili ni za mtu mmoja. Hawakuwa mapacha, kati yao kulikuwa na miaka minne. Bila mdogo mtu hapakuwa na nyumba ya jirani ya kulinganisha. Profesa aliisoma karatasi, akavua miwani, akasema, "Basi." Hakuuliza kitu, na faili la familia ile likafungwa.

Mama Sindano naye hakusema kitu. Alikumbuka vizuri kwamba siku ile lebo moja ilimnata kidoleni, akaibandua na kuibandika tena huku akipiga soga. Alijua ni yeye. Jumamosi iliyofuata alisingizia kikohozi, iliyofuata akasingizia mtoto, na baadaye hakusingizia chochote. Kazini walisalimiana kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye lifti, mpaka Profesa alipostaafu.

Sasa alikuwa sebuleni kwa familia ya macho, binti wa maabara yuko pembeni ameshika boksi la barafu. Kaka mtu, ambaye sasa haoni kabisa, alinyoosha mkono kabla hajaambiwa.

"Vidole vyako ni vilevile, vya baridi," alisema, akacheka. Hakushtuka hata sindano ilipoingia. Kisha akageuza uso upande wa mlango. "Haya, bwana mkubwa, zamu yako. Leo sina mkono wa tatu wa kukuazima."

Mwenye bucha alikuwa amesimama mlangoni, pande la mtu, jasho linamtiririka. Huyu ndiye aliyepasua ng'ombe kila alfajiri bila kupepesa jicho.

"Mkono wa tatu wa nini?" Mama Sindano aliuliza.

"Mwambie," kaka mtu alisema. "Mficha uchi hazai. Binti yangu naye ameanza kujigonga milangoni, na mimi sitaki tena mchezo."

Mwenye bucha alitazama viatu vyake. "Mimi na sindano hatuelewani, mama. Siku ile nilitoka nduki kupitia dirisha la choo. Nilikuwa nimefungua bucha mwezi huohuo. Watu wangeniona ninazimia, nani angenunua nyama kwangu?"

"Kwa hiyo nikavaa kofia yake," kaka mtu alidakia, "nikarudi kwenye foleni. Mara ya kwanza nilitoa mkono wa kushoto, mara ya pili wa kulia. Wewe na Profesa mlikuwa mmeinamia karatasi, mnaangalia mikono tu."

"Na mkanyamaza miaka yote hii?"

"Tulijua mnatafuta ugonjwa, na mgonjwa ni mimi. Tukaona mkipata damu yangu mara mbili, ni faida kwenu."

Mama Sindano alitaka kucheka, akataka pia kumzaba kofi. Alimfunga mwenye bucha mpira mkononi, akamwamuru amshike kaka yake na kufumba macho. Damu ilitoka nyeusi, nzuri. Aliandika namba, akaisoma kwa sauti mara tatu, akamtazama yule mtu usoni kila mara. Walipotoka nje alimwambia binti wa maabara, "Usinirudishe nyumbani. Nipeleke kwa Profesa."

Profesa alikuwa barazani, blanketi magotini, umri umekaribia tisini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba." Alimtazama sana. "Binti wa Jumamosi."

Mama Sindano alimsimulia yote bila kuketi: dirisha la choo, kofia, mikono miwili. Alitegemea mzee acheke. Badala yake Profesa akasema polepole, "Kwa hiyo si mimi."

"Wewe tena?"

"Barafu iliyeyuka njiani. Lebo mbili zikalowa, ya kumi na saba na ya kumi na nane. Nikaziandika upya kwa kukumbuka, na sikukwambia. Majibu yalipotoka nilikosa uso wa kukutazama. Ulipoacha kuja nikasema, amejua, amenikasirikia, na ana haki."

"Mimi nilijua ni mimi," Mama Sindano alisema. "Lebo ilininata kidoleni. Niliona haya kukanyaga kwako."

Binti wa maabara alijifanya anakagua barafu kwenye boksi.

"Mke wangu alikuwa akikuulizia," Profesa alisema. "Alikuwekea kikombe kila Jumamosi mwaka mzima. Hata alipokuwa anaumwa aliuliza, yule mtoto tumemkosea nini? Nikamwambia una kazi nyingi."

"Nilikuja mazishini. Nilisimama nyuma kabisa."

"Nilikuona," alisema Profesa. "Nikadhani hutaki nikusalimie."

Mama Sindano alikaa chini palepale sakafuni, akajifunika uso kwa mikono na kulia kwa sauti mbele ya mtoto wa watu, na Profesa hakumwambia anyamaze.