Mtihani wa Sakafuni

Fadhila alivijua vitenzi vya Kiingereza vizuri zaidi akiwa jikoni. Akiosha sahani husema wash, washed. Akipika maharagwe, cook, cooked. Na vile vikaidi visivyokubali kuongezewa mkia, kama eat na ate, alivikariri akipepeta mchele. Shida ilikuwa mbele za watu. Katika mtihani wa kwanza ulimi ulimkauka, asitamke hata neno. Ghala la misaada kule Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, likampa nafasi moja ya mwisho: akishinda, ataajiriwa kusoma maagizo ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye magunia, akishindwa, basi. Na tangu vita vimchukue mumewe, Assia na wadogo zake walikuwa wakimtegemea yeye peke yake.

Siku ya mtihani huo wa pili waliitwa wawili, yeye na Dévote, mwenziwe wa darasa la watu wazima.

“Mama Assia, we unatetemeka kama mutu wa malaria,” Dévote alimnong’oneza.

“Mi sitetemeki. Ni benchi.”

“Benchi hii hii na mi nimeikalia.”

Mtahini, Bwana Léonce, mwenye tai na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, alimwita Fadhila mbele. Akaandika ubaoni: The women carry the sacks.

“Nionyeshe kitenzi, kisha ukipeleke katika wakati uliopita.”

Fadhila alikiona papo hapo. Mdomo ukagoma kufunguka. Mtahini alitazama saa, akashika kalamu ili aandike alama.

Ndipo mlio kama wa risasi ukapasuka nje. Miaka ile, mtu wa Bujumbura hakungoja kuambiwa la kufanya. Dévote aliingia chini ya benchi, Fadhila akajitupa sakafuni, na alipogeuza shingo akamwona Bwana Léonce kando yake, kifudifudi, tai imembana shavuni.

Sauti ya dereva ikasikika uani akililaani tairi la lori lake. Hata hivyo hakuna aliyeinuka; ilikuwa desturi kungoja kwanza. Fadhila alimtazama mtahini, vumbi puani, midomo ikimtetemeka, akaona mtu aliyeogopa kufa sawasawa na yeye.

“Kitenzi ni carry,” akasema. “Wakati uliopita, carried.”

Bwana Léonce aligeuza kichwa taratibu. “Na sleep?”

“Slept.”

“Run?”

“Ran. Lakini sisi hatukukimbia, Bwana. Tumelala.”

Kutoka chini ya benchi Dévote akasema, “Mukimaliza, mutuambie tuamuke.”

Mtahini akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega. Aliketi, akajipangusa shati.

“Mama, Jumatatu uje kazini. Na wewe wa chini ya benchi, ni zamu yako. Simama.”

“Apana, Bwana. Kama huku chini ndiko kunaleta bahati, mi nabaki.”

Fadhila alitoka akiwa mwepesi, kana kwamba ameshushiwa gunia mgongoni. Uani dereva alikuwa amechuchumaa kando ya tairi lililopasuka. Fadhila alimpa mkono kwa heshima, akamshukuru sana. Dereva, ambaye wengine wote uani walikuwa wamemtukana kwa kuwatisha, alibaki amemkodolea macho.