Baba Anakusalimu

Watu wazima wakishaachana hununiana, simu hawapokeleani, na mzigo wote anatwishwa mtoto. Ndivyo alivyotwishwa Kasuku, jina alilobandikwa na bibi yake kwa kuwa utotoni alirudia kila alichosikia. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na mitano. Siku za shule alikaa kwa mama, mshona nguo. Mwisho wa wiki alikwenda kwa baba, mchomelea mageti, mitaa miwili tu kutoka hapo. Na huku na kule neno lilikuwa lile lile: "Kamwambie."

"Kamwambie mama yako aache kunitangaza kwa wateja wake," baba alisema Jumapili moja, kapandisha miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. "Mdomo wake ndio uliotufikisha hapa."

Kasuku alirudi, akamkuta mama kainamia cherehani, macho mekundu. Jamani, ungeyatapika wewe maneno yale? Yeye alishindwa.

"Baba anakusalimu," akasema. "Anakupa pole na kazi."

Cherehani ikanyamaza. "Kasema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Jioni ile mama alikula akamaliza sahani, jambo ambalo halikuonekana tangu talaka.

Basi, mwonja asali haonji mara moja. Kila wiki baba alitoa shutuma, Kasuku akafikisha salamu. Baba kasema ujitunze kifua na vumbi la vitambaa. Baba kauliza kama bado unaumwa mgongo. Mama akaanza kuimba kazini, akasuka nywele, akawa anamtania binti yake kama zamani. Kasuku alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia hofu.

Kisha, Jumapili nyingine, alimkuta mwanamke asiyemjua kwenye karakana ya baba, anamenya chungwa na kumlisha baba vipande kwa mkono wake.

"Huyu ni mama yako mdogo," baba akasema. "Tunafunga ndoa mwezi ujao. Kamwambie mama yako, asije akasikia kwa watu."

"Baba, mwambie mwenyewe. Tafadhali."

"Mimi na yeye tunaongea? Wewe ndiye unayemweza."

Haya, ndoa nayo utaigeuza vipi iwe pole na kazi? Kasuku alitembea njia nzima anatafuta namna, asiipate.

Nyumbani alimkuta mama mbele ya kioo, kavaa gauni jipya alilojishonea.

"Nimewaza sana, mwanangu," mama akasema kwa haya. "Mtu hatumi salamu kila wiki bure. Pengine anaogopa kuanza. Kesho nitakwenda mwenyewe."

"Usiende, mama. Anaoa."

"Acha utani wako."

"Kaniambia mwenyewe leo. Na zile salamu nilikuwa nazitunga mimi. Hajawahi kukusalimu, mama, hata mara moja. Nisamehe."

Mama alimtazama mpaka Kasuku akatamani apigwe, atukanwe, lolote lile.

"Kumbe ni wewe," mama akasema polepole. "Umezoea kudekezwa huku na kule, hutaki turudiane. Mpaka unamsingizia baba yako mzazi!"

"Mama, haki ya Mungu..."

"Koma! Mtoto kama wewe atayajulia wapi maneno ya mume kwa mkewe?" Akachukua mkoba wake. "Wala sisubiri kesho. Twende, ukayarudie hayo mbele yake."

Njiani Kasuku alimshika mkono, mama akaupokonya. Alimsihi, akalia mbele za watu bila kujali, na mama ndiyo kwanza akaongeza mwendo. Aliyekuwa akiaminiwa kwa kila uongo, leo kwa ukweli mmoja haaminiki.

Walipokata kona wakasikia nyundo ya baba, na juu ya nyundo kicheko cha mwanamke, kirefu, cha mtu aliye kwake. Mama akapunguza mwendo. Akalinyoosha gauni kwa viganja.

"Ana mteja," akasema. "Tutasubiri amalize."