Upepo wa Mkurugenzi

Kiangazi kile modeli ya ofisi ya hali ya hewa ilikuwa haikosei, na mtabiri aliyeilea alikuwa hatembei tena, anaelea. Miaka yote modeli ilisema upepo wa kiangazi hutoka kusini, kipimo cha juu ya paa la ofisi kikasema mashariki, na aibu ikabaki kwake. Basi akairekebisha kidogo kidogo mpaka modeli na kipimo vikawa chanda na pete. Ikajua hata kwamba upepo wa eneo lile huanza saa za kazi, hutulia wakati wa chakula cha mchana, na Jumamosi na Jumapili hauji kabisa.

Kuna aliyejiuliza kwa nini upepo uheshimu wikendi? Hakuna. Msomi akishapata jibu linalompendeza, swali halioni tena. Mkurugenzi akaalika wageni waje Jumatatu kuiona modeli, na mtabiri akasoma redioni kwamba Jumapili itakuwa shwari.

Baba yake, fundi wa paa, alisikia. Alikuwa na ghala refu la kuezeka na alingoja siku isiyo na upepo, maana bati likishikwa na upepo huondoka na aliyelishika. Akawaambia vibarua wapande Jumapili bila wasiwasi, binti yake ameshasema. Kwa mzee yule neno la binti lilikuwa imara kuliko kamba ya kujifungia, kwa hiyo kamba angeiacha nyumbani.

Alhamisi mkurugenzi alisafiri. Modeli ikasema upepo upo, kipimo kikasimama kimya. Mtabiri akapanda juu kuangalia kama kimeharibika. Huko upepo wa kusini nusura umvue mtandio, lakini kipimo kilijibanza nyuma ya tangi la maji, hakiguswi. Kilichokuwa kikikizungusha miaka yote hiyo ni feni ya kiyoyozi cha mkurugenzi, iliyofungwa pembeni yake upande wa mashariki. Akakaa chini palepale, akimwaza baba yake atakavyokuwa juu ya ghala Jumapili.

Mkurugenzi aliporudi kesho yake, mtabiri alimweleza yote na kuomba tangazo la kusahihisha. Alisikilizwa vizuri mpaka mwisho.

"Modeli haijakosea," mkurugenzi akasema kwa upole. "Mimi ndiye niliyekuwa safarini."

Akaagiza ratiba yake ya likizo iingizwe kwenye modeli kabla wageni hawajafika. Tangazo akalikataa, asiwavuruge wananchi.

Jioni mtabiri akampigia baba yake simu, akamsihi aahirishe kazi. Mzee akacheka. Redio imesema shwari, sasa amwamini nani?

"Redioni nilikuwa mimi, baba."

"Ndiyo maana naiamini."

Jumapili mtabiri alimkuta baba juu ya kenchi, zile mbao za paa la ghala, bati mkononi, na miti imeshaanza kuyumba. Alitamani kuisingizia mitambo, kumsingizia mkurugenzi, lakini modeli aliilea yeye.

"Baba, shuka," akasema kwa sauti, vibarua wote wakisikia. "Nilikosea. Nilikuwa napima kiyoyozi."

Vibarua wakashuka wakichekea viganjani. Baba hakusogea. Kwake hilo lilikuwa neno geni, kwamba binti yake amekosea, na ari ya kumtetea ikamkaza miguu: kushuka ni kukubali. Mtabiri akashika ngazi akaanza kupanda. Alipoona hivyo mzee alisahau yote, akaliachia bati na kushuka mbio kumzuia mwanawe asianguke.

Bati halikungoja afike chini. Liliinuka, likapita juu ya ukuta na barabara, likaenda zake kaskazini.

Kibarua mmoja alishindwa kujizuia. "Mzee, si alisema shwari?"

Mzee alilisindikiza bati kwa macho, mkono wake begani mwa binti.

"Kwetu ni shwari," akasema. "Huu ni upepo wa watu wengine, umepotea njia tu."